Binti Amerudi na Mchoro Mkononi



Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo limekuwa likitufikia mara kwa mara. Wako akina mama wanaotuandikia, na wako wanaotuvuta pembeni baada ya ibada na kutuuliza kwa sauti ya chini, kama watu wanaoulizia ugonjwa wa aibu: "Mwanangu amejichora mwilini. Nifanyeje?" Michoro hiyo vijana wenyewe huiita tatuu, nasi tutaiita hivyo hivyo.

Tumekuwa tukiahirisha kulizungumza jambo hili, maana ni rahisi kulisema vibaya. Lakini safari yetu ya Bagamoyo imetulazimisha.

Chini ya mwembe

Tulikwenda Bagamoyo kwa mkutano wa akina mama. Baada ya wali na samaki wa nazi tulitandika mikeka chini ya mwembe, tukafungua kipindi cha maswali. Mama mmoja, mjane, anayejulikana pale kwa kukaanga samaki na kuwauza, alisimama akiwa ameshika ncha ya kanga yake.

Alisema binti yake wa kwanza ana umri wa miaka 23, na anasuka nywele katika saluni moja huko Tegeta. Wakati wa Pasaka alikuja nyumbani kusherehekea na wadogo zake. Alipoinua mikono kumtua mama yake ndoo ya maji, mkono wa blauzi ukateremka, na mama akaona maandishi meusi kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani. Lilikuwa jina la marehemu baba yake, na chini yake mwaka aliofariki.

"Nilitetemeka," alisema mama yule. "Nikamwambia, katika nyumba hii hatuweki alama za wafu mwilini. Nenda kaifute, ndipo urudi. Kama huwezi kuifuta, usirudi."

Binti hakujibu neno. Alikunja nguo zake, akapanda basi la jioni. Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Binti hupiga simu, mama hapokei.

"Sasa nawauliza ninyi wenzangu," alimalizia. "Nilikosea? Maana Maandiko yapo."

Wenzetu, mngeyasikia majibu! Mmoja alisema amefanya vyema, mtoto hafundwi kwa kubembelezwa. Mwingine akasema aachwe tu, ndiyo dunia ya leo. Wa tatu akanong'ona, lakini kwa mnong'ono wa kusikika mpaka mkeka wa mwisho, kwamba msichana mwenye tatuu hujulikana ni wa namna gani. Hapo mama yule akaketi, akajifunika uso kwa kanga.

Ndipo akasema bibi mmoja aliyekuwa amekaa kimya muda wote, ameegemea shina la mwembe. Alikuwa mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa yule marehemu. Bibi huyu ni Mmakonde, mwenye umri wa karibu miaka 80. Alizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, akaja akiwa msichana pamoja na wazazi wake waliotafuta kazi katika mashamba ya mkonge upande wa Tanga, na baadaye akaolewa Bagamoyo. Kwenye paji la uso na mashavuni ana nembo, mistari iliyokunjwa pembe kwa pembe, ambayo jua na uzee havijaifuta.

"Jina hilo ni la mwanangu," alisema. "Nami uso wangu mnauona kila siku. Mbona hamjawahi kuniuliza mimi ni wa namna gani?"

Hakuna aliyemjibu. Nasi tuliotoka mbali kuja kufundisha, tulinyamaza pia.

Tuanze na sisi wenyewe

Tuseme ukweli wetu kwanza. Sisi tunaoandika ukurasa huu hatupendi tatuu. Tukiona shingo nzuri ya msichana imechorwa kipepeo, tunasikitika kama mtu aliyeona kitambaa kipya kimemwagikiwa wino. Lakini kusema "sisi hatupendi" ni jambo moja, na kusema "Mungu hapendi" ni jambo jingine. Nyumba nyingi zimeingia matatani kwa sababu mama ameyachanganya maneno hayo mawili mbele ya mtoto wake.

Hebu tujitazame. Binti akizaliwa, hata hajaweza kuketi, tunampeleka akatogwe masikio. Hatumwombi ruhusa. Akilia tunambembeleza, tukimwambia amependeza. Huku pwani wako bibi zetu waliotoga pua wakavaa kipini, na hakuna aliyewaita wahuni. Bibi harusi tunampamba kwa hina na piko mpaka magotini, tukipiga vigelegele. Wengi wetu tuna kovu la chanjo ya kifua kikuu mkononi, na neno lenyewe chanjo limetokana na kuchanja. Basi mwili wenye alama si jambo geni kwetu hata kidogo.

Tena yako mazito zaidi. Wako miongoni mwetu wanaojichubua kwa mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini mwetu, kwa kuwa zebaki huharibu figo, na haidrokwinoni huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka. Hata hivyo vinauzwa kwa kificho, na wanunuzi ni sisi. Mama aliyebadili uso wake mzima kwa mkorogo atapata wapi nguvu ya kumkemea binti mwenye mchoro wa ukubwa wa shilingi?

Na tuseme la mwisho, hata kama litawaudhi baadhi yenu. Wako wanaokaa viti vya mbele kanisani, na chini ya gauni wana chale za mganga, walizochanjwa usiku kwa wembe uliokwisha kutumika kwa watu wengine. Hizo hatuzisemi, kwa sababu hazionekani.

Ladha ya macho hubadilika

Tulimwomba bibi yule atusimulie habari za nembo zake. Alisema alichanjwa akiwa bado msichana. Fundi alikata ngozi kwa kisu kidogo, akasugua unga wa mkaa ndani ya majeraha, na baada ya kupona kazi ikarudiwa ili rangi ikolee. Hakuulizwa kama anataka. Kwa watu wake wakati ule nembo ilikuwa fahari. Ilimtambulisha mtu kuwa ni Mmakonde, na ilionyesha kwamba ameweza kuvumilia maumivu. Msichana asiye nayo, alisema, alikuwa kama chungu kisichotiwa urembo.

"Lakini nilipokuja huku," aliendelea, "watu walinicheka kwa kitu kile kile nilichosifiwa nyumbani. Watoto walinifuata njiani. Miaka mingi nilitembea nimejitanda kanga mpaka karibu na macho. Siku hizi wageni wanaomba kunipiga picha, na vijana wananiambia, bibi, una tatuu kali!" Hapo alicheka. "Uso ni huu huu mmoja. Nilisifiwa, nikachekwa, sasa nasifiwa tena. Macho ya watu ndiyo yaliyobadilika."

Bibi huyu alizungumza mahali panapofaa. Katika karne ya 19 misafara kutoka Tabora na Ujiji iliishia Bagamoyo. Watu wa makabila mengi walikutana ufukweni pale wakiwa na chale zao na meno yao yaliyochongwa, na bila shaka kila mmoja alijiona amependeza na kumwona mwenzake kioja. Hata nguo zilikuwa na maana yake. Mtumwa wa pwani alijulikana kwa kaniki, nguo nyeusi ya bei rahisi. Utumwa ulipokuwa ukikoma, mwishoni mwa karne ile, wanawake waliopata uhuru waliziacha kaniki wakavaa kanga za rangi. Leo kanga ndiyo vazi letu la heshima, na mama akienda msibani bila kanga atasemwa mpaka arobaini.

Wala si mambo ya kale tu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza Januari 1969, ili kupiga vita minisketi, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua. Mjini Dar es Salaam wako wasichana walioburutwa kutoka kwenye mabasi na kupigwa kwa sababu ya urefu wa sketi zao. Wasichana wale leo ni bibi wa miaka zaidi ya 70. Tunajiuliza ni wangapi kati yao wanaowatolea macho wajukuu zao wenye tatuu, wakiwa wamesahau siku walipokimbia na viatu mkononi.

Miaka hiyo hiyo serikali iliendesha pia kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na udongo mwekundu, wavae suruali. Leo shuka za Kimasai zinauzwa katika maduka ya zawadi kando ya bahari, na tunazionyesha kwa wageni kama fahari ya nchi.

Tusieleweke vibaya. Adabu ya mavazi ipo, na mama anao wajibu wa kuifundisha. Tunachosema ni kwamba jicho hukinai na jicho huzoea, hata jicho letu sisi watu wazima. Si kila linalotuchoma macho limemchoma Mungu.

Maandiko yanasema nini?

Mama yule alisema Maandiko yapo, na ni kweli yapo. Katika Mambo ya Walawi 19:28 Waisraeli wanakatazwa kuchanja miili yao kwa ajili ya wafu, na kujiandika alama. Hatupendi kuuruka mstari huo kama watu wanaoruka dimbwi. Lakini tuusome pamoja na jirani zake. Waisraeli walizungukwa na mataifa yaliyojikata miili katika maombolezo na katika ibada za miungu yao, kama walivyofanya manabii wa Baali mbele ya Eliya. Mungu alitaka watu wake wasifuate ibada hizo.

Katika sura hiyo hiyo, mstari wa 27 unakataza kunyoa pembe za ndevu, na wa 19 unakataza kuvaa nguo ya nyuzi za namna mbili. Ni nani kati yetu amemzuia mumewe kwenda kwa kinyozi, au amekagua gauni lake la sikukuu kama ni pamba tupu? Tena mstari wa 16 unakataza kuzunguka ukichongea watu, na wa 18 unaagiza kumpenda jirani kama nafsi yako. Mwenzetu aliyenong'ona chini ya mwembe aliushika mstari wa 28 akauacha wa 16, tena pale pale mbele ya mama mzazi.

Wala Wakristo hawakulielewa jambo hili kwa namna moja. Kwa karne nyingi Wakopti wa Misri wamekuwa wakichora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono, kama ushuhuda ambao mtu hawezi kuukana akiulizwa yeye ni nani. Huko Ethiopia wako wanawake wa Kanisa la Orthodoksi wenye msalaba uliochorwa kwenye paji la uso. Hatuwezi kusema kwamba ndugu hao wamemwacha Kristo.

Kwa upande mwingine, Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 6 anatukumbusha kwamba mwili ni hekalu, wala sisi si mali yetu wenyewe. Kijana anayejichora kwa kufuata mkumbo tu, bila kuwaza, naye ana la kujibu. Kwa hiyo yatupasa tumwulize mtoto: Ulifanya kwa nini? Mchoro huu una maana gani kwako? Ukiwa ni mchoro wa matusi, au wa kutafuta kinga ya kichawi, hapo mama aseme wazi bila kuficha. Lakini jina la baba mpendwa si jambo la namna hiyo. Kila mtu ana namna yake ya kulia msiba. Wako wanaonyoa nywele, wako wanaotunza shati la marehemu ndani ya sanduku mpaka lioze. Binti huyu alikuwa bado anamlilia baba yake, na mama hakukitambua kilio kile.

Madhara yaliyo ya kweli

Sasa vijana nao wakae wasikilize, maana kama tukiacha kuwatisha kwa mambo yasiyo na hakika, inatupasa tuwaambie yaliyo na hakika.

Tatuu huchorwa kwa sindano inayotia wino ndani ya ngozi, chini ya tabaka la juu linalobanduka kila siku. Ndiyo maana haitoki kwa sabuni wala kwa miaka. Sindano au wino uliotumika kwa mtu mwingine huweza kuambukiza homa ya ini ya aina ya B na C, na hata virusi vya UKIMWI. Anayechorwa ufukweni au uchochoroni, na mtu ambaye hafungui sindano mpya mbele yake, anacheza na maisha yake. Tena ngozi nyeusi hupata kwa urahisi makovu yanayovimba, na mchoro uliotakiwa uwe ua ukawa donge. Wanaojitolea damu huulizwa kuhusu tatuu, na aliyechorwa karibuni huombwa asubiri miezi kadhaa.

Kuifuta nako ni kazi. Mionzi ya leza huhitaji kurudiwa mara nyingi, kwa gharama kubwa kuliko ile ya kuchora, na pengine kivuli cha mchoro hubaki. Tunawasihi sana, msimlazimishe mtoto aifute nyumbani kwa tindikali, kwa pasi ya moto au kwa dawa ya kutoa madoa. Atapata kidonda, na baada ya kidonda kovu baya kuliko tatuu yenyewe.

Liko pia jambo la ajira. Matangazo ya kuandikisha vijana katika Jeshi la Polisi yamekuwa yakitaja wazi kwamba mwombaji asiwe na michoro mwilini. Mvulana wa miaka 17 anayejichora nanga begani kwa furaha ya siku moja ya tamasha, hajui kama akifika miaka 20 atatamani kuvaa sare. Mwambieni mapema. Haya anaweza kuyahakikisha mwenyewe, naye atajua kwamba mama hakumdanganya.

Na sisi tunaodhani piko ni salama kwa kuwa hutoka yenyewe, nasi tusikie. Hina ya kweli ni majani ya mhina yaliyosagwa, na rangi yake ni ya machungwa, au nyekundu, au kahawia. Hina peke yake haitoi weusi. Weusi wa piko unatokana na dawa ya kupaka nywele, yenye kemikali ifahamikayo kwa kifupi kama PPD. Kemikali hii huweza kuunguza ngozi, ikatoa malengelenge na kuacha kovu la umbo lile lile la maua aliyochorwa bibi harusi. Aliyedhurika mara moja huweza kudhurika vibaya zaidi siku atakapopaka dawa ya nywele. Kwa hiyo tuwapambe mabinti kwa hina ya majani, na watoto wadogo tusiwapake piko kabisa.

Basi tufanyeje?

Kwanza, kama mwanao bado hajajichora, zungumza naye mapema, mkiwa mnachambua mboga au mnakunja nguo, si siku ya ugomvi. Akisema anatamani tatuu, usipige kelele. Mwambie auchore mchoro huo kwenye karatasi, aubandike ndani ya mlango wa kabati, autazame mwaka mzima. Wengi watauchoka kabla ya mvua za mwaka unaofuata. Kama bado ni mdogo, yuko chini ya paa lako, una haki ya kumkatalia. Ila mwambie kwamba unakataa wewe mzazi wake, wala usimsingizie Mungu. Na mshirikishe baba. Isiwe kwamba mama anakataza jikoni huku baba akicheka sebuleni.

Pili, kama amekwisha kujichora, uliza kwanza kama amepona. Je, kidonda kilikauka vizuri? Sindano ilikuwa mpya? Kama hana hakika, mpeleke kituo cha afya akapimwe homa ya ini na virusi vya UKIMWI, nawe usimame pembeni yake kwenye foleni. Kisha mwulize maana ya mchoro, usikilize mpaka mwisho. Kama hukipendi alichofanya, mwambie hivyo mara moja. Mara moja yatosha. Ukisema kila asubuhi atajifunza kuondoka kabla hujaamka.

Tatu, usimtangaze. Habari za mwanao zisifike kwenye kikundi cha kusaidiana kabla hazijafika kwa baba yake.

Nne, usimfukuze. Binti aliyefukuzwa kwa ajili ya tatuu huondoka nayo, wala haachi hata nukta moja mlangoni. Kinachobaki nyuma ni kitanda chake kitupu, na mahali atakapolala usiku huo si wewe utakayepachagua.

Na sisi sote kanisani, kijana akiingia na mchoro shingoni, tumpe nafasi kwenye benchi na kitabu cha nyimbo. Amekuja kusali. Wako wengi wasio na alama yo yote mwilini ambao Jumapili hiyo wako mahali pengine.

Bibi alivyomaliza

Turudi chini ya mwembe. Kabla hatujafunga kwa sala, bibi yule alimgeukia mkwe wake.

"Mwanangu," alimwita, "mimi nilichanjwa na watu walionipenda, nikachekwa na watu wasionijua. Niliweza kuvumilia. Lakini kuchekwa na mama yako mzazi, hilo sijui kama ningeliweza. Mlete mjukuu wangu. Nami nina la kumwambia, asidhani nitamsifu."

Hatukuona muujiza siku ile. Mama alibaki kimya, akakusanya sufuria zake, nasi tukaondoka jua likizama nyuma ya minazi.

Baada ya wiki chache tulipata habari. Mama alipokea simu. Alituambia maneno yote aliyokuwa ameyapanga yalimpotea, akasema tu, "Bibi yako anakuulizia. Nami nakuulizia."

Binti alikuja Jumamosi iliyofuata. Aliamkia, "Shikamoo, bibi," na bibi akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu, hebu lete mkono huo." Akapitisha kidole juu ya jina la mwanawe, polepole, herufi moja moja, ingawa bibi hajui kusoma. Kisha akasema, "Mimi sikuulizwa, nikachanjwa. Wewe ulikuwa na uwezo wa kukataa, ukataka mwenyewe. Basi ngoja miaka hamsini, ngozi ikishalegea na wino ukitambaa, uje kaburini unieleze kama bado waipenda." Wote walicheka, halafu wakalia, maana ilikuwa ni mara ya kwanza watatu hao kumtaja marehemu kwa pamoja tangu mazishi.

"Bado siipendi alama ile," mama alituambia. "Sidhani kama nitaipenda. Lakini sasa nalala usingizi."

Tungependa kila mama anayekataa kupokea simu ya mwanawe afungue Isaya sura ya 49, asome mstari wa 15 na wa 16 kwa pamoja. Pale Mungu anauliza kama mama aweza kumsahau mtoto anyonyaye, kisha anasema kwamba watu wake amewachora katika viganja vya mikono yake. Hatuyaleti maneno hayo ili kuwapa vijana ruhusa ya kujichora. Tunayaleta kwa ajili yako wewe mama. Mungu alipotafuta mfano wa upendo usiosahau, alianza na mwanamke anyonyeshaye. Usiwe wewe wa kwanza kusahau.

Kama nawe una jambo la namna hii nyumbani mwako, tuandikie. Tutalisoma kwa moyo, na jina lako hatutalitaja.